Viola Iliyolala Darini

Wiki iliyopita, siku ya Jumamosi, bibi mmoja wa rika langu alimleta mjukuu wake kwangu ajifunze viola, ile fidla kubwa kidogo ya sauti nzito, nami nikaogopa hadi upinde wa kuipigia ukanidondoka mkononi.

Nafundishia hapa Makambako, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, kimetenganishwa na duka la vipuri kwa ukuta mmoja tu. Jirani yangu mwenye duka ni mtu wa utani. Wanafunzi wapya wanapoanza kukwaruza nyuzi, yeye hupita mlangoni na kofia yake ya kazi na kuuliza, "Mwalimu, mbuzi wako leo ana mafua?" Siku hiyo alikuwa ameshauliza, tumeshacheka, ndipo bibi huyo akaingia na mtoto.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, mama. Karibuni."

Alikaa kwenye benchi la mbali na dirisha. Shingoni alivaa uzi mweusi, na kwenye uzi ufunguo wa nyumba. Nilipouona ufunguo ule umelala kifuani pake, ndipo upinde uliponitoka.

"Mbona umeshtuka kama umemwona marehemu?" akasema. "Mimi bado nipo. Ni yule wa Mlangali. Yule wa ufunguo."

Nikasema namkumbuka. Akasema ameolewa kulekule, amelima mahindi na maharage maisha yake yote, na sasa anakaa na binti yake hapa mjini. Mtoto amesikia viola kanisani na hataki kitu kingine. "Nikasema nimlete kwako," akasema. "Kwenye darasa letu ni wewe uliyebaki nayo."

Nikampima mtoto mkono, nikampa viola ndogo ya kuazima. Wakati wa kuondoka bibi aliuliza swali ambalo kila mzazi huuliza: chombo hiki nyumbani kikae wapi?

"Mbali na jiko," nikasema, haraka kuliko nilivyotaka.

Akanitazama kidogo. "Nilijua utasema mbali na dirisha."

Nikawafungulia mlango. Walipoondoka nilifunga mlango nikakaa chini sakafuni kama mtoto wa miaka kumi na miwili. Na wewe, rafiki yangu unayesoma, ili uelewe kwa nini mzee mzima aliogopeshwa na neno dirisha, sina budi kukurudisha Njombe ya wakati ule.

Ilikuwa Njombe ya baridi. Najua hata leo ni baridi, lakini sisi tuliishi ndani ya baridi ile bila viatu. Mwezi wa sita tulikanyaga umande ulioganda kwenye majani, mweupe kama chumvi, tukikimbilia pale ng'ombe alipokuwa amelala ili tupashe nyayo. Nilivaa koti kuukuu la baba lililonifika magotini. Niliishi na bibi yangu, mzaa baba, upande wa pili wa msitu wa miwati kutoka eneo la misheni. Asubuhi uji wa ulezi, mchana viazi vya kuchemsha, jioni ugali na maharage yaliyokaa motoni tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa maji na kuni.

Maisha yetu yalikuwa jikoni. Katikati palikuwa na mafiga, na juu ya mafiga dari la miti iliyopangwa karibu karibu, nyeusi tii, inang'aa kwa masizi. Bibi aliweka huko mahindi ya mbegu, ili moshi uyakaushe na fukusi wasiyaguse. Lakini hakuweka mbegu tu. Cheti changu cha ubatizo kilikuwa huko, ndani ya kopo. Barua za baba kutoka mashamba ya mkonge zilikuwa huko. Kitenge chake cha kuzikiwa kilikuwa huko. Kwetu, kitu ukikipenda hukukiacha chini na panya na unyevu. Ulikipandisha darini, moshi ukakilinda. Ndiyo maana sisi sote tulinuka moshi, nguo, nywele na daftari. Ungeweza kufumba macho kanisani ukajua ni nani amekaa karibu na jiko la nani.

Mwalimu wa muziki pale misheni alikuwa mtu wa Bulongwa. Alikuwa amekaa ng'ambo miaka mingi akisoma, akarudi na viola yake, na baadaye akaletewa fidla nne na selo moja, ile fidla kubwa inayosimamishwa chini, kwa ajili yetu watoto. Alikuwa mpole, na upole wake ulitisha, kwa sababu hukujua mwisho wake uko wapi. Sote tulitaka fidla. Yeye akatuambia viola ni sauti ya pili ya kwaya. "Fidla mtaisikia hata ikipigwa vibaya," alisema. "Viola hamuisikii mpaka siku itakapokosekana." Akachagua wawili wa kujifunza kwa viola yake mwenyewe, kwani hapakuwa na nyingine. Mmoja alikuwa mimi. Wa pili alikuwa msichana wa Mlangali.

Yeye alilala bwenini pale misheni kwa sababu kwao kulikuwa mbali. Alikuwa na nafasi ya bweni kwa kazi moja: kutunza ufunguo wa stoo ya vyombo. Aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, hata akioga, wenzake walimtania hivyo. Kila baada ya mazoezi alisimama mlangoni na kuhesabu makasha kwa sauti, akigusa kila kifuniko, mpaka sita. Kisha akafunga. Na alinizidi. Lazima niseme hivyo mapema. Mkono wake wa upinde ulikuwa mwepesi, sauti ilitoka kama mtu anayeongea taratibu. Mimi aliniambia, "Wewe unapiga viola kama unapasua kuni." Watoto wote wakacheka, nami nikacheka nao, na moyoni nikaumia.

Mwaka ule, miezi miwili kabla ya sikukuu ya mavuno, mwalimu alitangaza kwamba Jumapili baada ya ibada atatusikiliza mmoja mmoja. Kwenye viola atachagua mmoja atakayepiga siku ya sikukuu mbele ya wageni, na huyo ndiye atakayeendelea kufundishwa naye mpaka sekondari. Kila mmoja wetu alijua atakuwa nani.

Ijumaa tulipomaliza mazoezi nilikuwa wa mwisho kutoka stoo. Sikupanga, au najidanganya kwamba sikupanga. Niliilaza viola ndani ya koti la baba, chini ya kwapa, nikafunga kasha tupu na kuliweka pale palipokuwa wazi, chini ya dirisha, kwa sababu nilikuwa na haraka. Yule msichana alisimama mlangoni akahesabu. Moja, mbili, mpaka sita. Akafunga. Nilipita kando yake nimebana mkono, nikaingia kwenye miwati. Sheria ya mwalimu ilikuwa moja tu: chombo hakitoki. Mimi nilitaka siku moja tu ya kujizoeza peke yangu.

Bibi alikuwa akichochea moto. "Hicho nini?"

"Kinanda, bibi. Cha kanisa."

Akanawa mikono kwanza. Hakukipokea mpaka alipojipangusa kwa upande safi wa kanga. Alikigeuza, akakipapasa mgongo kama mtu anayempapasa mtoto mchanga, akasema, "Mali ya kanisa haiwezi kulala chini hapa, panya wataitafuna." Akapanda kwenye kigoda, akasogeza mahindi ya mbegu, akakilaza katikati yake. Na mimi, rafiki yangu, sikuona kosa. Hilo ndilo watu hawaelewi nikisimulia. Niliona amekipa mahali pa heshima kuliko vyote nyumbani kwetu.

Jumamosi nilitumwa shamba la mbali kuchimba viazi, nikarudi jioni nimechoka, sikupiga hata noti moja. Siku nzima bibi alikuwa amechemsha maharage ya Jumapili, na moto ulikuwa mkubwa.

Jumapili alfajiri nikapanda kigodani. Mbao zilikuwa na joto kama chungu. Nilipoishusha, viola ililia yenyewe, sauti fupi kavu. Sikujua wakati ule kwamba vyombo hivi vimeshikwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo ikipata joto huachia. Nilichoona ni kwamba tumbo lake, ule ubao wa juu, lilikuwa limeachana na mbavu, zile mbao za pembeni, upande mmoja, limefunguka kama mdomo. Shingo ilikuwa imeinama, nyuzi zimelegea. Bibi akaniuliza kutoka mlangoni, "Kimelala vizuri?"

"Vizuri, bibi."

Nilikimbia msituni na koti limenifunga kifua, nikahisi kila mti wa muwati unaniangalia. Nilimwomba Mungu anipige homa. Niliomba misheni iungue. Yule msichana alikuwa ameshafungua stoo, watu wanatoa mabenchi, hakuna aliyenitazama. Niliirudisha viola kwenye kasha lake pale chini ya dirisha, nikatoka, nikaenda kukaa kanisani. Sikusikia neno la mahubiri. Wenzangu waliposimama kuimba, nilibaki nimekaa.

Baada ya ibada mwalimu akafungua kasha mbele yetu. Akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Nani aliliweka kasha hili dirishani?"

Tukatazama dirisha. Jua la mchana lilikuwa linaingia moja kwa moja pale stoo, na sote tulijua alikuwa ametukataza kuweka vyombo juani.

"Nilihesabu, Mwalimu," yule msichana akasema. "Yalikuwa sita yote."

"Ulifungua?"

"Sikufungua."

"Kuhesabu siyo kutunza, binti yangu." Akanyoosha mkono. Hakupandisha sauti. Yule msichana akavua uzi shingoni, ukamkwama sikioni, akahangaika nao kidogo, akampa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo.

Kisha mwalimu akafanya jambo lililonitoa roho. Aliinama akaweka pua kwenye tundu la viola. "Inanuka moshi," akasema. Nikalikunja koti la baba kifuani. Akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja na makoti yetu na masweta yetu. "Lakini hapa nani hanuki moshi?" Watoto wakacheka. Nikacheka. Yule msichana hakucheka. Alivuta mkono wa sweta lake akaunusa.

Jioni ile alinikuta bombani. Macho yalikuwa yamemvimba. "Ijumaa wewe ulikuwa wa mwisho kutoka," akasema. "Niambie kweli. Kasha lilikuwa dirishani?"

Nilikuwa na neno moja la kusema, na muda wa kulisema, na hakuna mtu mwingine pale. Nikasema, "Sikuangalia."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi ni mimi," akasema, akabeba ndoo yake.

Nafasi ya bweni ilikwenda na ufunguo. Mwalimu hakumfukuza, nadhani hata hakufikiria mambo yatafika huko, lakini baba yake aliitwa, akaja na lori la Ludewa siku ya Jumanne. Nilijificha kwenye miwati nikaona akipanda nyuma na sanduku lake la bati. Lori lilipopinda nilipumua. Namuomba Mungu anisamehe ile pumzi kuliko hata wizi wenyewe, kwa sababu ilikuwa pumzi ya mtu aliyepona.

Kumbe sikupona. Mwalimu alichukua wiki nyingi kuibandika viola ile, amekwenda kuazima vibanio karakana ya maseremala, na kila siku aliniita nimshikie. Nilikuwa mwanafunzi wake wa pekee sasa. Alipokuwa anapaka gundi alinifundisha kila kitu: mbao gani, gundi gani, kwa nini joto ni adui. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kana kwamba sikuwa nimeshayaona darini. Kwenye darasa la kipaimara, mwinjilisti aliponisimamisha niseme amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, sauti ilinitoka nusu, akadhani nimesahau, akanipiga fimbo mbili. Nilizifurahia. Bibi aliendelea kuniuliza habari za kinanda cha kanisa mpaka alipofariki, akiamini alikitunza vizuri. Sikuweza kumwambia, na hapo tu sidhani nilikosea.

Nikapiga siku ya mavuno. Nikaenda sekondari. Baada ya hapo maisha yangu yote yakawa ni viola. Nimepiga harusi na mazishi kutoka Ilembula mpaka Makete. Nimekaa katikati ya fidla na selo kwenye sikukuu nisizoweza kuzihesabu, nikishika sauti ya pili. Nimefundisha watoto, na watoto wa watoto hao, na baadhi wamefika mbali kuliko mimi. Watu wa kanisa wameniita kipaji kutoka kwa Mungu, na kila waliposema hivyo nilitazama mlangoni. Kila mwanamke aliyeingia kanisani na uzi shingoni alinifanya nikose noti. Mwalimu wangu alipozeeka alinipa viola yake. Aliinusa kwanza, kama siku ile, akatabasamu, akanikabidhi bila neno. Mpaka leo sijui alichokuwa anajua. Ningeweza kumuuliza. Niliogopa jibu lolote kati ya mawili. Ningeweza pia kwenda Mlangali. Nimepita Ludewa mara nyingi na kwaya, na kila mara nilikaa upande wa gari usiotazama kijiji.

Nimeandika mpaka hapa kwa siku kadhaa. Jana ilikuwa Jumamosi tena, nao wakaja.

Mtoto alipiga nyuzi zake tupu. Ana mkono mwepesi. Nilipoona mkono ule nikajua sitaweza kumfundisha wiki ya pili kama sijasema. Nikamtuma akamsalimie jirani na kumwambia mbuzi amepona. Kisha nikakaa kwenye benchi, karibu na bibi yake, nikamweleza. Nilianza na dari, kwa sababu sikupata mahali pengine pa kuanzia. Nilimweleza koti, na kasha tupu, na maharage ya Jumapili. Nilimweleza kwamba ni mimi niliyeliweka kasha dirishani.

Akauchezea ufunguo.

"Darini," akasema.

"Darini. Katikati ya mahindi ya mbegu."

"Basi bibi yako aliitunza kweli." Alicheka kidogo, na kile kicheko hakikuwa changu kucheka naye. Kisha uso ukamfunga. "Siku ile mwalimu aliposema inanuka moshi, nilijua ni sweta langu. Nililifua mtoni mara tatu kabla baba hajaja. Nilifikiri nimeiharibu kwa jua, na kuichafua kwa harufu juu yake."

Nikasema, "Haikuwa wewe."

"Nyumba yangu ya Mlangali," akaendelea kama hakunisikia, "sijawahi kuweka kitu dirishani. Hata kopo la maua. Wanangu hunicheka, mama anaogopa dirisha. Nami huwaambia nilipokuwa mdogo niliharibu chombo cha kanisa. Ndivyo wanavyojua. Huyu mtoto nilimleta kwako ili nirudishe."

Sikujua mtu anaweza kuogopa zaidi baada ya kusema kweli. Maisha yote nilidhani ninaogopa yeye ajue nilichofanya. Kumbe cha kuogopa kilikuwa hicho, kwamba pale bombani alikuwa ameniamini.

Akaniomba viola. Aliishika kama vile hajawahi kuiweka chini, kidevu kikajua mahali pake, lakini hakuchukua upinde. Aliiteremsha akainusa kwenye tundu. "Bado," akasema. Mtoto alikuwa amerudi, naye akataka kunusa. Alinusa, akakunja pua, akasema hajui ni harufu ya nini. Kwao wanapikia gesi.

Bibi yake alinirudishia viola. Hakusema amenisamehe, nami sikumuomba, maana ningekuwa namtaka tena anibebee kitu. Mlangoni alisema tu, "Mtoto atakuja Jumamosi. Mimi sijui." Nilisimama nikawaangalia mpaka walipofika barabarani.

Madari yale hayapo tena. Mara ya mwisho nilipokwenda kwa bibi nilikuta jiko limebomolewa, pamepandwa parachichi, na mbegu siku hizi hununuliwa dukani zimetiwa dawa. Watoto wanakuja darasani wananukia sabuni. Ule moshi tuliouvaa sote, ambao siku moja ulitosha kunificha katikati ya watoto wenzangu, umekwisha Njombe na umekwisha Makambako. Umebaki ndani ya viola hii, na mchana wa joto nikiipiga hutoka taratibu hadi kunijia usoni. Sina tena watu wa kujificha katikati yao. Jumamosi nitafungua chumba mapema, nikae nisikilize barabarani kama wanaokuja ni wawili au mmoja.